Msiniletee Redio Mliyoiua Wenyewe

Mnakuja na mfuko wa rambo. Ndani ya mfuko kuna redio ya mkononi imelala, haiongei, kioo cheusi, taa ya tochi tu ndiyo imewaka nyeupe kama jicho la mbuzi aliyechinjwa. Siku hiyo mnaamkia vizuri sana. "Shikamoo bibi, za hapa, mbona umenenepa." Halafu mnaanza uongo. "Bibi, imezima yenyewe."

Redio haizimi yenyewe. Umeizima wewe. Umeingia mtandaoni, umekuta fimwea, akili mpya ya redio, ya mtu usiyemjua hata kwa jina, umeisukuma ndani ya redio huku unakula karanga, na ilipokataa ukachomoa waya. Sasa unaniletea mimi maiti halafu unaniuliza nitaifufua lini, una safari.

Nasema kwa hasira na nitaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Asiyetaka kusikia hasira akamsikilize bibi wa kwao.

Naitwa Nyangeta. Nimezaliwa Buswahili, huko Butiama, na shule niliishia darasa la nne, kwa sababu ng'ombe wa baba walihitaji mtu na kaka zangu walihitaji kusoma. Kazi ya redio nilijifunzia Musoma, nikaja kuifanyia Bunda karibu na stendi, mpaka macho yakagoma. Unyenyekevu sina na sitaanza uzeeni. Lori la pamba likinyamaza njiani, mitumbwi ya Kisorya isiposikilizana na nchi kavu, watu walikuwa wanasema mpelekeeni yule mama. Hawakusema mpelekeeni yule baba.

Redio ninazozisema siyo zile za kusikilizia taarifa ya habari. Ni hizi unabonyeza unaongea, unaachia unasikiliza. Wapo wanaozitumia kwa kupenda tu, wanatafutana hewani na watu wa mbali, hao ndio watu wa redio za ridhaa, na wanatakiwa wawe na leseni. Sisi kijijini kwetu, upande wa Bunda unaopakana na hifadhi, tunazo za aina hiyo hiyo kwa ajili ya kulinda mashamba, na masafa yetu tuna kibali chake. Tembo akitoka porini, anayemwona kwanza anasema kwenye redio, walioko shambani wanaondoka. Basi. Hatuna uzio, hatuna bunduki. Tuna redio, madebe ya kupiga, na miguu.

Kwa hiyo mtu akiharibu redio ya kwetu hajaharibu kifaa. Amemwacha mwenzake peke yake na tembo. Magesa, jirani yangu, aliachwa hivyo. Na aliyemwacha ni Mafuru, mtoto wa binti yangu, mwanaume mwenye ndevu, fundi simu, na mimi ndiye niliyemfundisha kushika bisibisi.

Ningekuwa nimemfundisha vibaya ningenyamaza. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa, na mimi nilifundishwa na mtu mkali.

Alikuwa anaitwa fundi Salumu, pale Musoma. Baba yake Mmanyema, mama yake Mjita, akikasirika alikuwa anatukana kwa lugha zote mbili halafu anaenda kuswali. Ukianza kazi kwake, anakupa redio nzima, inayolia vizuri. Anakwambia ifungue yote, mpaka spika, halafu irudishe yote. Usitengeneze chochote. Ukimaliza anaiwasha. Ikilia kama ilivyokuwaga, umefaulu. Kuna siku mwenzangu mmoja alifunga redio ikalia kuliko mwanzo, sauti imekuwa safi kabisa. Akasimama anasubiri sifa.

"Umefanya nini?" Salumu akamwuliza.

"Nimeisafisha kidogo, fundi."

"Nilikwambia usafishe?"

"Hapana, lakini imekuwa nzuri."

"Irudishe uchafu wake."

Tulicheka mpaka tukatolewa nje. Lakini mzee hakuwa anatania. Alichotaka ni kwamba kabla hujaanza kuboresha kitu cha watu, uwe na uwezo wa kukirudisha kilivyokuwa. Kama huna, kaa mbali nacho. Huo ndio mwanzo wa kazi yote ya fimwea, na Salumu hakuwahi kuiona kompyuta hata kwa dirishani.

Zamani masafa yalikuwa kitu cha kushika mkononi. Kulikuwa na kristali, kidude cha bati kama ukucha wa dole gumba. Unataka redio iongee kwa masafa mengine, unachomoa kristali hii unapachika ile. Umekosea, unairudisha ya kwanza, maisha yanaendelea. Baadaye zikaja redio za kuunganisha na kompyuta, unaandika namba za masafa, unatuma. Sasa tumefika mahali ambapo akili yenyewe ya redio inatolewa inawekwa nyingine. Hiyo ndiyo fimwea: maagizo yaliyomo ndani yanayoiambia redio kwamba wewe ni redio, hiki ni kitufe, hii ni betri, hapa sikiliza.

Msije mkaenda kusema bibi anachukia vitu vipya. Nilipoona fimwea ya kwanza ya kutengenezwa na watu, maandishi makubwa kwenye kioo hata mimi na macho yangu nayasoma, nilifurahi nikaiweka kwenye redio yangu siku hiyo hiyo. Niliiweka taratibu. Ninachokichukia ni mtu anayefanya upasuaji huku anaangalia mpira.

Sikilizeni, naeleza kwa lugha ya darasa la nne ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Toa betri, soma kibandiko kilichoko chini yake. Redio mbili zinaweza kufanana sura kama mapacha na matumbo yakawa tofauti kabisa, na fimwea ya hii ikaiua ile. Kama maneno ya kwenye kibandiko hayafanani na maneno ya pale ulikoitoa fimwea, rudisha betri, nenda kalime. Na fimwea uichukue kwa walioitengeneza, siyo iliyozunguka kwenye makundi ya simu mpaka haijulikani imetoka kwa nani.

Waya. Hizo waya za sokoni nyingi ni takataka. Na hata iliyo nzuri, kichwa chake usipokisukuma hadi mwisho kinashika nusu, unaona kimeingia kumbe hakijaingia. Sukuma mpaka usikie imeitika, ikibidi pasua kidogo plastiki ya pembeni inayozuia. Redio iwe imejaa betri. Kompyuta iwe ya kubeba, yenye chaji yake ndani, kwa sababu umeme wa Bunda mnaujua, ukatikaji wake hauangalii nani anafanya nini. Simu weka pembeni. Ikianza kuandika, usiguse, usisogeze meza, usiite mtu aje aone.

Na ikikwama katikati, kioo cheusi, tochi imewaka, hiyo siyo maiti. Inasubiri maagizo. Zima, shika kitufe cha kuongelea, washa huku umekishika, anza tena kwa fimwea iliyo sahihi. Nusu ya mifuko ya rambo mnayoniletea dawa yake ni hiyo. Nyie mnalia kabla ya kujaribu.

Antena iwe juu ya redio kabla hujabonyeza kuongea. Salumu mwenyewe aliwahi kusahau, kwenye redio ya misheni, redio kubwa ya kuongelea mbali. Akabonyeza, kikatoka kitu kinanuka kama kwato zinaungua. Akageuka taratibu.

"Nyangeta, umesikia harufu?"

"Nimesikia, fundi."

"Hujasikia."

"Sijasikia, fundi."

Lingine ni hili la kufungua masafa yote. Fimwea nyingi za mtandaoni zinairuhusu redio iongee popote. Redio kuweza haina maana wewe umeruhusiwa. Kuna kijana wa Musoma mjini, duka lake anauza kava za simu, alifungua redio yake akawa anaimba kwenye masafa ya mitumbwi inayovuka na mizigo. Anaimba, halafu anauliza, mnanipata? Wamempata. Mimi nilienda dukani kwake nikamwambia nipe hiyo redio niione, nikaitoa betri nikaiweka kwenye mkoba wangu nikaondoka nayo. Akanifuata mpaka barabarani, "Mama, mama, betri yangu." Nikamwambia ije ichukuliwe na baba yako. Mpaka leo ninayo.

Sasa nije kwa lile lililonifanya nikae chini kuwaandikia. Linahusu nakala.

Kabla hujagusa akili ya redio, unatoa nakala ya kilichomo ndani. Siyo orodha ya masafa peke yake. Ndani kuna sehemu nyingine, mimi naiita vipimo vya kuzaliwa. Kila redio ikitoka kiwandani inapimwa peke yake: betri yake inasomwaje, nguvu yake ya kurusha sauti isahihishwe wapi. Hakuna mbili zilizo sawa. Mmoja kazaliwa na mguu mmoja mfupi kidogo, kiatu chake kimeongezwa soli. Kiatu hicho ukimvisha mwingine atachechemea. Vipimo hivyo ukivifuta bila nakala, hakuna mahali pa kuvinunua. Kwa hiyo unatoa nakala ya kila redio, unaiita kwa namba ya redio hiyo, unaiweka mahali pawili. Namba mimi naiandika mgongoni kwa rangi ya kucha, haifutiki kwa jasho. Mafuru anajua yote haya. Rangi ya kucha alikuwa ananinunulia yeye.

Nilikuwa Musoma natibiwa macho. Huku nyuma walinzi wakakaa kikao, na nimeshaelezwa kikao hicho na watu wengi mpaka naweza kukiigiza. Kwetu vituo vya ulinzi tunavipigia kura, kila mmoja na sehemu yake, asije mtu akasema amependelewa fulani. Lakini redio haziridhishi. Mwenyekiti wetu, Wambura, alikuwa anasikika mpaka mbali na anasikia kila kitu. Wengine wakanuna.

Magesa ndiye aliyeanza, maana mdomo wake hauna mlango. "Mwenyekiti, redio yako inashika mpaka Kisorya. Yangu haishiki hata choo changu."

Watu wakacheka. Wambura akaona anaitwa mwizi kwa mzunguko. "Kwani mimi nimechagua redio? Zililetwa kwenye boksi moja."

"Boksi moja, lakini iliyonona umeiona wewe."

"Basi zifanywe zote kama yangu," Wambura akasema. "Zote, leo. Nisisikie tena."

Redio ya Wambura ilikuwa inashika mbali kwa sababu Wambura anakaa mlimani. Hakuna aliyelisema hilo. Mtoto wa shule angelisema.

Mafuru akasimama pale na ndevu zake. "Wazee, hiyo ni kazi ndogo sana." Akachukua redio ya mwenyekiti, akatoa nakala ya kila kitu kilichomo, halafu akaweka fimwea mpya kwenye zile nyingine zote, na juu yake akamwaga ile nakala ya Wambura. Yote. Na vipimo vya kuzaliwa ndani yake. Watu wanataka usawa, akawapa usawa. Zote zikawa zikiwashwa zinaandika neno ULINZI kwenye kioo. Wakapiga makofi. Wakamnunulia soda.

Redio ya Wambura kwa kuzaliwa inasoma betri chini ya ilivyo, kwa hiyo kiwandani waliisahihisha, iongeze. Sahihisho hilo likaingia kwenye redio ya Magesa isiyo na upungufu huo. Ikawa inaongeza pasipo na haja. Betri inaisha, kioo kinasema imejaa.

Magesa alikuwa kituo cha mtoni, ambako tembo wanavukia. Nilipotoka Musoma nilipitia kwake kabla hata sijafika nyumbani kwangu. Alikuwa amelala, mguu umefungwa kutoka gotini kushuka.

"Vijiti vyote vya betri vilikuwa vimesimama, mama," akaniambia. "Nimeangalia mwenyewe. Nikasema leo naongea mpaka nichoke."

Jua lilikuwa bado juu kidogo, mke wake anachimba viazi ng'ambo ya pili ya shamba. Wambura kutoka mlimani akaliona kundi linateremka. Akaita, mtoni, mtoni, ondokeni. Kimya. Akaita tena. Redio ya Magesa ilikuwa imeshakufa kiunoni, na yeye hajui, anajua amani tu. Na mnajua Wambura alifikiri nini? Alifikiri Magesa bado amenuna kwa maneno ya kikaoni, anafanya makusudi. Akakasirika, akaacha kuita.

Magesa alijua kuna tembo aliposikia mahindi yanavunjika. Akamkimbilia mke wake badala ya kukimbilia njiani. Mke akapita. Yeye akaanguka kwenye korongo.

"Tembo alifika pale juu akanichungulia," akaniambia anacheka, jasho linamtoka kwa maumivu. "Nafikiri alinihurumia. Usimpige mtoto, mama. Hata tembo hakunipiga."

Sikumpiga. Nilimkuta Mafuru kwangu amekaa barazani, redio zote amezipanga kwenye meza, amenisubiri.

"Nakala ya redio ya Magesa iko wapi?"

"Bibi, hizi zote ni aina moja, zimefanana."

"Sijakuuliza zimefanana. Iko wapi?"

"Sikutoa."

"Ulitoa ya nani?"

"Ya mwenyekiti."

"Kwa hiyo unayo nakala ya redio moja tu, ile ambayo hukuibadilisha."

Nikamwuliza, nani alikufundisha hivi. Akasema hakuna. Nikamwuliza, basi kwa nini. Akasema, "Walikuwa wananiangalia, bibi. Wanasubiri. Nikaona kutoa nakala moja moja nitaonekana sijui." Wanangu, hilo jibu lilinichoma kuliko angesema alisahau. Alikumbuka. Akaona haya kuchelewa mbele za watu.

Tulikaa na mita ya kupimia umeme. Yeye anapima betri ya kila redio, anasoma kwa sauti, kwa sababu mimi namba zile ndogo sizioni. Mimi namwambia aingize kiasi gani kwenye redio hiyo, halafu apime tena, halafu tena, mpaka kioo na mita viseme neno moja. Fimwea ile ilikuwa na sehemu ya kusahihisha betri, namshukuru aliyeitengeneza. Betri zikarudi kusema kweli. Lakini nguvu ya kurusha sauti hairekebishwi kwa mita ya sokoni. Inataka vyombo ambavyo Bunda sijaviona. Nyingine ziliponea kwa bahati, vipimo vyake vilikuwa karibu na vya Wambura. Ya mtoni haikupona. Inaongea kwa kukwaruza, siku nyingine inafika mlimani, siku nyingine inafika nusu. Tumeomba nyingine. Bado tunaomba.

Kikao kikaitwa. Wambura akaanza maneno laini, kijana aombe radhi, yaishe, sisi sote ni ndugu, na yeye mwenyewe ananitazama kwa kuiba maana anajua aliacha kuita. Mafuru akaomba radhi vizuri. Magesa alikuwa ameletwa kwa baiskeli, mguu umenyooka mbele. Akasema amepokea. Halafu akasema, "Mimi swali langu dogo. Mahindi bado yamesimama. Mtoni anakaa nani?"

Kila mtu akaanza kuangalia viatu vyake.

Nikasema, "Mafuru."

Binti yangu, mama yake, akasimama. "Mama, na redio ile? Wewe mwenyewe umesema haisikiki."

"Haisikiki."

"Sasa unamtoa mwanangu kwa tembo?"

"Ilipokuwa ya Magesa mlimnunulia mwanao soda."

Hajanisalimia tangu siku hiyo. Anapita njia ya nyuma kwenda kisimani. Mnaweza kusema mimi ni mama wa namna gani, semeni, nimeshajisemea zaidi yenu. Lakini mtoni lazima akae mtu, na sikuona kwa nini awe mtoto wa mwanamke mwingine.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuweka fimwea, usinijibu kwamba ni redio yako. Kabla hujabonyeza, taja jina la mtu atakayeishika. Litaje kwa mdomo. Kama huna nakala ya redio hiyo, kama hujasoma kibandiko, sema lile jina halafu endelea kama unaweza.

Mimi jina nalijua. Jioni Wambura anaita vituo kimoja kimoja, siku hizi anaita mpaka aitikiwe, na mimi nakaa mlangoni na redio yangu ya maandishi makubwa nasikiliza. Vingine vyote vinaitika haraka. Mtoni anaitwa mwisho. Inakuja kwanza mikwaruzo, halafu, kwa mbali, "Mtoni nipo."

Jana Wambura aliita, pakawa kimya. Akaita tena, kimya. Sauti ya Mafuru ilipokuja redioni nilikuwa nimeshavaa viatu, niko njiani, na binti yangu yuko mbele yangu anakimbia.